Mikono Iliyopita Mbele ya Biubwa

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nilitoka Unguja baada ya Mapinduzi na suti moja na maneno mengi, nikaendesha basi la ghorofa mbili hapa Landani mpaka abiria wakawa wananiomba ushauri wa ndoa. Skuli niliiacha darasa la sita, au tuseme yenyewe iliniacha. Nimeona mengi. Lakini aliyenishangaza ni mtoto wa dada yangu, Biubwa.

Mnamjua. Ni yule mama mnene wa Ilford anayepaka maharusi hina. Mkimwona na mfuko wake wa bamia, mtadhani hajapata kufanya jambo kubwa kuliko kumkaripia muuza samaki. Haya, kaeni kitako.

Mwaka 1987 alikuwa msichana mwembamba, na walikuwa watatu: yeye, Jaya na Dinah. Jaya alikuwa binti wa Bwana Kanti, Mhindi wa kwetu Unguja, mwenye duka la vitambaa. Kiswahili chake Kanti kilikuwa kitamu kuliko changu, ingawa mbele yake sikukubali. Dinah alikuwa Mkenya, mtoto wa pekee wa Bi Serah, nesi. Wasichana hao walisoma pamoja, wakala sahani moja, wakagombana asubuhi na kupatana kabla chai haijapoa.

Alasiri moja ya Novemba, Biubwa alimpaka Jaya hina kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Mkono wa kulia alimchorea tausi, wa kushoto maua. Hina ikiwa bado mbichi, Jaya akaondoka kwenda dukani kwao, mikono ameitanguliza kama mtu aliyebeba sinia. Ni mtaa wa pili tu. Jioni walimkuta chini ya ngazi za stoo, nyuma ya duka, amekufa, na mlango ulio juu ya ngazi umefungwa. Polisi wakasema ameteleza. Daktari akasema ameteleza. Mvua ilinyesha, viatu vilikuwa vimelowa. Nani angebisha?

Haikupita wiki, Bi Madhu, mamake Jaya, akamwita Biubwa amsaidie kumvisha marehemu sari. Aliporudi alikaa jikoni kwangu na koti lake mwilini.

"Mjomba, tausi ameharibiwa."

"Tausi gani tena?"

"Wa mkono wa kulia. Nilimchora mwenyewe. Kichwa hana, na pembeni kuna alama za vidole. Mtu alimshika, hina ikiwa mbichi."

"Basi kawaambie polisi."

"Nimewapigia simu. Wanasema labda alijishika mwenyewe akianguka. Na hata mimi nikijisikia nikiwaambia kwamba ndege hana kichwa, najiona mwendawazimu."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu, ndiyo maana naogopa. Jaya asingemwacha asiyemjua amsogelee hivyo." Akaniangalia. "Kesho wanamchoma, mjomba. Kikishateketea kile kiganja, itabaki kwamba aliteleza. Milele. Lakini aliyemshika naye ana rangi. Hina haitoki kwa sabuni."

"Sasa utazunguka Landani nzima ukikagua watu viganja?"

"Wewe kesho nyamaza tu. Unaweza?"

Nikamwambia naweza. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Asubuhi jeneza lililetwa nyumbani kwa Kanti, likawekwa sebuleni, wazi, kama ilivyo ada yao. Kina mama wamevaa nyeupe, moshi wa udi umetanda. Kabla ya kwenda kuchomwa, kila mtu huchukua mawaridi yaliyochambuliwa akamwekea marehemu. Biubwa alikuwa ameshamwomba Bi Madhu jambo moja tu: ashike yeye lile kapu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakumkagua mtu. Watu walikuja wenyewe. Walipanga foleni, mmoja mmoja, wakafungua viganja mbele yake: mikono laini, mikono iliyopasuka kwa baridi, ya Tarsem fundi wa magari yenye mafuta meusi kuchani. Naye anatia maua, anasoma, anatia maua. Zamu yangu ilipofika akakiangalia changu vilevile.

"Hata mimi?" nikanong'ona.

"Hata wewe. Sogea."

Akaja Dinah. Macho yamemvimba, mkono mmoja mfukoni mwa koti. Akanyoosha wa kushoto.

Nyuma yake mama yake akashtuka kwa aibu. Kwetu mtoto hapokei hata peremende kwa kushoto, seuze maua ya maiti.

"We Dinah! Unapokea na mkono gani?"

"Wa kulia niliungua, Mama."

"Uliungua lini? Mbona hukuniambia?"

Foleni ikasimama. Biubwa hakupandisha sauti, wala hakumshika.

"Dinah. Mpe Jaya kwa mkono wa kulia."

Waliangaliana. Wallahi sijapata kuona macho kama yale kwa watoto wa umri ule. Kisha ule mkono ukatoka mfukoni polepole na kufunguka. Hapakuwa na jeraha. Ndani ya vidole na kwenye mistari ya kiganja palikuwa na rangi ya chungwa iliyoiva.

Mimi niliiona. Waliobaki waliona mkono tu. Nilingoja Biubwa apige kelele. Hakupiga. Alichota mawaridi kwa mikono miwili, akakijaza kile kiganja mpaka yakamwagika.

"Mpelekee mwenyewe," akasema.

Dinah akafika kwenye jeneza, akasimama. Maua hakuyaweka.

"Aliniita," akasema, si kwa mtu yeyote. "Nilikuwa nimeshafunga mlango. Akaniita kwa jina. Nikasikia, nikaenda zangu."

Serah ndiye aliyeanguka, si yeye.

Mengine yalijulikana baadaye. Dinah alikuwa ameacha chuo kisiri, anashinda kwa mume wa mtu kule Neasden, na Jaya alimwambia kwamba akikutana na Serah harusini atamweleza. Dinah akamfuata dukani kumsihi anyamaze, wakavutana mkono juu ya ngazi, Dinah akamsukuma. Daktari aliieleza mahakama kwamba mlango ule ungeachwa wazi, au msaada ungeitwa, huenda angepona. Mahakama ikaamua kwamba ni mauaji.

Nilimwuliza Biubwa alipata wapi moyo wa kumjaza Dinah maua. Akanijibu, "Walikuwa marafiki, mjomba. Ningemnyimaje?"

Serah hakuweza kwenda kumwona Dinah gerezani peke yake. Biubwa akamsindikiza kila mwezi, treni mbili na basi, akamngojea nje kwenye benchi. Mwaka mzima alikaa nje. Kisha siku moja Serah akaniambia kwamba wameingia wote wawili. Walizungumza nini mle ndani, Biubwa hajaniambia, nami mpaka leo sijathubutu kumwuliza.