Ngemi za Wimbo wa Mwisho

Ariririririii! Ngemi za mama zilikuwa zinafika nyumbani kabla yake. Nikiwa mdogo pale Makongeni, Thika, nilikuwa nakaa mlangoni na kikombe changu cha chai, nangoja. Mama akitoka kwa harusi ama kwa ruracio, ile sherehe ya kutoa mahari, na wenzake wa kikundi cha kina mama, hawakunyamaza njiani. Sauti yake nilikuwa naitambua katikati ya zote. Ilianza chini kama mtu anayeficha kicheko, ikapanda, ikatetemeka juu ya mabati ya majirani, halafu ikakatika ghafla. Hata leo nikiwa nafua nguo naweza kuisikia vile ilivyokuwa.

Watu wengine wanaita vigelegele. Sisi tunaita ngemi, na zetu zinahesabiwa. Mtoto wa kiume akizaliwa, wanawake wanampigia tano. Wa kike, tatu. Ndivyo walivyoikuta desturi, na ndivyo wanavyoendelea. Mama alikuwa anaitwa mpaka upande ule wa mto Chania aje aongoze, kwa sababu pumzi yake haiishi haraka.

Mimi hiyo pumzi niliirithi, lakini nikaipeleka kwa muziki wa roki nzito.

Ilianza hivi. Nilimaliza fomu foo na gredi ambayo huwa siitaji, nikapata kazi mtaa wa Kimbo kwa duka la chakula cha mifugo, nikapanga chumba huko huko. Siku moja akaja kijana kununua chakula cha kuku, amevaa tisheti nyeusi yenye fuvu. Nikamuuliza, "Na hiyo fuvu nayo inataga?" Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Halafu lori likaanza kurudi nyuma karibu ligonge mkokoteni wa mtu, nikapiga kelele moja tu, dereva akafunga breki. Yule kijana akaniangalia kama mtu ameona ng'ombe anaruka.

"Wewe," akasema, "unaimba?"

"Kwaya nilifukuzwa. Walisema nafunika wengine."

"Poa sana. Sisi tunatafuta mtu wa kufunika wengine."

Yeye ndiye anapiga gitaa la besi. Kuku walikuwa wa shangazi yake, huko ndani Ruiru, na shangazi alikuwa amewajengea kuku nyumba mpya. Ile ya zamani akatuachia. Tulibandika trei za mayai kwa kuta zote ili kelele isitoke, tukatandika magunia chini, na hiyo ikawa studio yetu. Harufu haikuhama na kuku. Tulizoea. Mpiga ngoma wetu ni fundi wa kuchomelea mageti, na mpiga gitaa anafundisha watoto wa watu kinanda. Huyo ndiye anajua kompyuta, kwa hivyo yeye ndiye alikuwa anarekodi. Na mimi naimba. Sisi ni wanne tu.

Tukaanza kutengeneza albamu, na nyimbo zake tuliziandika kutoka kwa maisha yetu. Kuna moja ya stima kupotea ukiwa nusu ya kupiga nguo pasi. Kuna moja ya mbwa wa mwenye ploti tunakopanga, hiyo watu wanaipenda sana. Lakini wa mwisho niliuandika mimi, unaitwa "Tatu". Ndugu zangu wawili walipigiwa tano tano. Mimi nilipoletwa nyumbani kutoka hospitali nikapigiwa tatu. Sikuwahi kulia juu ya hiyo, usifikirie. Ni kitu tu nilikuwa nakifikiria nikipanga magunia. Kwa wimbo, kila mara ngoma zinapoingia kwa kishindo, nanguruma, "Hesabu tena!" Na mwisho kabisa, gitaa zikinyamaza, nilitaka zisikike ngemi tano. Na nilitaka zitoke kwa mdomo wa mama.

"Tunaweza kuzitoa kwa mtandao," mpiga gitaa akasema. "Ziko nyingi."

"Hizo ni za mama wa watu. Kama si mama yangu, huo wimbo wacha tu usitoke."

Walinijua. Wakaacha mambo ya mtandao.

Shida ni kwamba mama hakuwa anaipenda hiyo roki hata kidogo. Nilipomsikilizisha huo wimbo kwa simu mara ya kwanza, aliniuliza kama nimekula kitu kibaya. "Hiyo si kuimba, maitu. Hiyo ni kutapika." Ananiita maitu kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na kwetu maitu ni mama. Mtu akikwambia unatapika huku anakuita mama yake, huwezi kukasirika vizuri.

Nilimwomba aje atupigie ngemi.

"Nani amezaliwa?"

"Hakuna mtu, mama. Ni za wimbo."

"Ngemi za wimbo," akasema, kama mtu ameambiwa apike ugali wa picha. Lakini akakubali, kwa sababu ni mimi.

Akaja Jumamosi, amefunga kitambaa cha kanisa, na mkoba wake, na chombo cha chapati. Wale vijana walisimama wote. Fundi wa mageti akapangusa kiti kwa tisheti yake mwenyewe.

"Karibu, mathe," akamwambia, vile vijana huita mama yeyote.

"Asante. Hapa palikuwa pa kuku?"

"Ndiyo, mathe."

"Naona bado wako."

Mpiga gitaa akamvalisha hedifoni juu ya kitambaa. "Mathe, utasikia tik, tik, tik, tik. Ikifika ya nne, unaingia."

"Mimi siingii kwa saa, kijana. Mimi naingia nikifurahi."

"Jaribu tu, mathe."

Akajaribu. Alisimama katikati ya trei za mayai, peke yake, macho yamefungwa, akapiga. Moja. Mbili. Tatu. Zilikuwa sawa, lakini mimi nazijua ngemi za mama, na hizo zilikuwa kama chai ya maji ya jana. Akanyamaza.

"Bado mbili, mathe."

"Mbili za nani?"

"Ndiyo zifike tano."

Mama akatoa hedifoni, akaninyooshea kidole. "Huyu ni msichana ama mvulana?"

"Ni msichana."

"Basi ni tatu. Mimi sikuanzisha, na siwezi kubadilisha kwa nyumba ya kuku." Akatoka nje kumsalimia shangazi na kuangalia hao kuku kwa nyumba yao mpya.

Hapo ndipo vijana wangu walifanya kile walichofanya, na walikifanya kwa roho safi. Mpiga gitaa alichukua ngemi mbili za kwanza, akazinakili kwa kompyuta, akazibandika nyuma ya ile ya tatu. Zikawa tano. Akanyoosha hapa na pale, akatabasamu kama mtu ametoa mwiba. Mama aliporudi, akamwekea asikilize.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Zilipokwisha akauliza, "Hizi mbili za mwisho ni za nani?"

"Ni zako, mathe."

"Si zangu. Mimi nilipiga tatu nikanyamaza. Na mtu havuti pumzi ile ile mara mbili." Akachukua mkoba. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa mama. "Mmenisingizia nimempigia mtu ngemi sikupiga. Chapati kuleni, ziko moto."

Akaenda zake Thika.

Tulikaa tukiangalia hizo chapati.

"Lakini hakuna mtu angejua," mpiga gitaa akasema pole pole.

"Mathe amejua," fundi wa mageti akamjibu. "Wewe unaweza kunibandikia geti sijachomelea?"

Tukazifuta hizo ngemi zote. Lakini tulikuwa tumeshatangaza albamu. Ukumbi tulikuwa tumeshakubaliana nao Thika, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, na wimbo wa mwisho ulikuwa hauna mwisho. Wenzangu waliniambia tuutoe hivyo tu, bila ngemi. Hawakunisukuma. Mimi ndiye nilikuwa siwezi. Nilikuwa nikiwaza, kama mama hatakuwa ndani ya huu wimbo, basi nimeuandikia nani?

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Makongeni. Mama alikuwa anachagua ndengu kwa ungo. Alinisogezea upande mmoja wa ungo bila kuniangalia, nikaanza kuchagua pia. Nilipotoa mawe kadhaa nikamuuliza.

"Mama, unajua huo wimbo unasema nini?"

"Nitajuaje? Nasikia tu mtu anakimbizwa."

Basi nikamwambia maneno yake, kwa sauti ya kawaida, vile unavyomwambia mtu habari. Za ndugu zangu tano tano. Zangu tatu. Za msichana anayepanga magunia na kujiuliza kama wale wanawake walichoka siku hiyo, ama mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwambia mpaka pale pa "hesabu tena".

Mkono wake ukasimama juu ya ndengu.

"Kwani ulidhani ni mimi nilikupigia hizo tatu?"

"Si wewe?"

"Hai! Mimi nilikuwa nimeketi pale kwa kiti na wewe kwa shuka, hata kusimama siwezi. Ni cucu, nyanya yako, alipiga, na mama wa nyumba ya pili. Anayezaa hapigi, maitu. Anapigiwa." Halafu akasema, na hii sikuwa nimewahi kuifikiria maisha yangu yote, "Mimi nimepigia watoto wa Thika nzima. Wewe ulipozaliwa sikukupigia hata moja."

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia ndengu.

"Na kwa nini hukuniambia kwamba ni wimbo wa kuzaliwa kwako?"

"Nilikuimbia. Ukasema natapika."

Alicheka mpaka ungo ukatikisika na ndengu zikamwagika zote kwa mkeka, hata zile tulikuwa tumemaliza. Tukaanza upya, na akawa anacheka kila mara akikumbuka.

Alikuja Ruiru wiki hiyo hiyo, jioni nikitoka dukani. Safari hii hakutaka hedifoni. Alimwambia mpiga gitaa, "Wewe fungua hiyo mashine yako, uniachie mlango wazi, na mpige vile mnapiga." Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Tukapiga wimbo wote, moja kwa moja, kwa nguvu zetu zote. Mimi nilinguruma nikimwangalia. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayeonja dawa, lakini midomo yake ilikuwa inafuata maneno.

Gitaa zikanyamaza.

Mama akapiga.

Ilianza chini, kama mtu anayeficha kicheko. Ikapanda, ikapita trei za mayai, ikatoka kwa mabati. Hata kabla haijakatika ingine ikaja, na ingine. Huko nje shangazi akaacha ndoo ya maji, akadakia. Mama wa ploti ya jirani, ambaye hakujua hata ni nini, akajibu kutoka ng'ambo ya ua. Kuku wote wakaamka. Nilitaka kuhesabu na nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimeshika uso wangu kwa mikono miwili. Fundi wa mageti naye alisema kuna moshi, na hakukuwa na moshi wowote. Mpaka leo hakuna kati yetu anayejua zilikuwa ngapi.

Zilipoisha kukawa kimya kabisa. Kila mtu aliogopa kuharibu. Na ndani ya kile kimya, na mashine bado inarekodi, mama akaniangalia akaniuliza, "Na umekula lakini?"

Sikujibu. Maiki ilikuwa wazi.

Siku ya kumalizia kulikuwa na ubishi. Mpiga gitaa alisema wimbo uishie kwa ngemi, hayo maneno ya chakula tuyakate, roki nzito haiwezi kuisha hivyo. Mpiga besi akasema yeye hajali. Fundi wa mageti akasema, "Ukikata, nakuchomelea ndani ya hii nyumba ya kuku." Mimi nikasema yabaki. Yakabaki.

Albamu ilitoka Jumamosi. Asubuhi iliwekwa mtandaoni, na mchana tukakutana pale juu ya duka la viatu tuisikilize na watu kwa spika kubwa. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wote wamevaa nyeusi. Mama alikuja na wenzake wawili wa kikundi, wakaketi mbele na mikoba kwa magoti.

"Maitu," akaninong'oneza, "hawa wote wamefiwa?"

"Hapana mama, ndivyo wanavyovaa wakifurahi."

"Ngai! Mungu wangu, basi wamefurahi sana."

Nyimbo zote za kwanza alizisikiliza vidole vikiwa masikioni. Wa mwisho ulipoanza akavitoa. Ngemi zilipotoka kwa spika, wale wenzake wawili hawakuweza kujizuia, wakasimama wakaongezea zao, na vijana wa tisheti za fuvu wakawa wanapiga mbinja. Halafu ile sauti ya mama, kubwa kama nyumba, "Na umekula lakini?"

Ukumbi ukacheka. Mtu wa nyuma akajibu kwa nguvu, "Tumekula, mathe!" na wengine wakadakia, "Tumekula!" Mama akafunika uso kwa kitambaa. Kisha kijana mmoja mwenye pete za pua akaja akamwomba picha, na mama akamuuliza hizo pete hazimuumi akipata homa. Walipiga picha. Anayo kwa simu mpaka sasa, huwa anaonyesha watu kanisani.

Alipoondoka aliniachia chombo cha githeri, mahindi na maharagwe. Nilikibeba mpaka Kimbo, nikalala nikiwa na viatu.

Jumapili asubuhi ploti yetu ilikuwa kimya, wengi wameenda ibada. Nilikaa kitandani, nikaweka spika za masikio, nikaisikiliza albamu yote kuanzia mwanzo, peke yangu kwa mara ya kwanza. Huwa tunaisikiliza wanne, na kila mtu anangoja pale pake. Hapo sikuwa nangoja mtu. Ngemi zikaja, zikapita. Mama akauliza.

Nikafikiria. Tangu chai ya Jumamosi asubuhi sikuwa nimeweka kitu mdomoni, kwa ile furaha na kukimbia huku na kule.

Nikainuka, nikawasha gesi, nikamwaga githeri kwa sufuria na maji kidogo isishike. Ilipochemka sikutafuta hata sahani. Nikachukua kijiko, nikasimama karibu na dirisha, nikaila yote.