Una Geddes na Mpira Uliomezwa na Ukungu

Haya yote ni kweli tupu. Nikiongopa hata neno moja, nyasi za klabu yetu ya gofu ya Balcraggie ziote kwenye upara wangu.

Saa moja asubuhi, Una Geddes yuko juu ya mashine yake, anakata nyasi za shimo la kumi na nane. Ukungu wa bahari ni mzito; mwaka juzi kondoo aliuegemea akapitiwa na usingizi. Saa tatu Una anavua buti, anavaa viatu vya gofu. Ni siku ya wageni, na mgeni wake ni kaka yake Fergus, mkausha samaki kwa moshi kutoka Arbroath.

“Miaka ishirini na sita nakata nyasi hapa,” anasema Una, anayelipwa pauni mia tano kwa wiki. “Kwenye ubao wa washindi hakuna mkata nyasi hata mmoja. Leo nataka jina letu lipande.”

Hupanda majina ya jozi tatu za kwanza za mashindano ya leo. Kila jozi ina mpira mmoja, wawili wanapokezana kuupiga. Mimi na mke wangu Effie tunacheza nao.

Kwenye ukungu, hata zamu haieleweki.

“Piga basi, dada.”

“Si zamu yako? Mimi nimepiga kule nyuma.”

“Na mimi nimepiga hapa. Nimeukosa tu.”

“Loo! Kuukosa nako kunahesabiwa. Basi ni mimi.”

Tunafika shimo la mwisho. Kapteni wa klabu anawaambia Una na Fergus: mkimaliza shimo hili kwa mipigo minne, mmeingia ubaoni. Una anapiga, Effie anapiga, mipira yote inamezwa.

Mbele naona mpira, naupiga. Pigo gani lile! Shakwe walipiga makofi. Unatua hatua mbili kutoka shimoni.

Wa akina Una hauonekani. Sheria inatoa dakika tatu. Ukipotea, unarudi ulikoanzia na pigo la adhabu. Una anatambaa kwa magoti.

“Imebaki dakika moja, dada.”

“Nyamaza, utafute!”

Anainuka na mpira wenye alama iliyopakwa rangi ya kucha. “Mama Effie, si wako huu?”

Effie ananigeukia. “Dougal, wewe umepiga upi?”

“Ule... ukungu, mke wangu.”

“Alama uliitazama?”

“Niliitazama.”

“Rangi gani?”

“Kijani,” nasema.

“Na mimi kucha za kijani nimepaka lini, mzee wewe?”

Mpira wao unarudishwa pale nilipoupigia, bila adhabu. Adhabu ni yetu. Fergus anapiga, Una anasukuma, Fergus anaingiza. Minne.

“Mwakani tunataka nafasi ya kwanza,” anasema Una, akifuta macho. “Na Mzee Dougal acheze mbali.”

Desturi yetu ni moja: anayepiga mpira wa mwenzake hulipia supu ya ukumbi mzima. Nilijificha chooni, Effie aliwaonyesha wenzetu mlango wa choo. Nikatoa pochi. Fergus, bakuli la tatu mkononi, akauliza kama mkate nao ni juu yangu.