Nilivyouhamisha Ukoo Mzima Mtandao

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mwezi.

Si wa angani. Wa kwenye simu yangu. Kimwezi chembamba kama kipande cha ukucha, juu kabisa ya kioo, karibu na alama ya chaji.

Sikujua kimefikaje pale. Nilikipenda tu.

Na hicho kimwezi ndicho kilichofanya niuhamishe ukoo mzima mtandao wa simu, nikamharibia mtu jina, halafu nikapigiwa makofi.

Sisi ni Wamixteko, watu wa milima ya Oaxaca, Meksiko. Shule niliishia darasa la tatu, nikapewa mbuzi nichunge. Baadaye tukaja Oxnard, Marekani, kuchuma stroberi, na huku ndiko nilikokulia.

Kwetu mwezi ukiwa mchanga hukati kitu. Hukati mti, huvuni mahindi, hukati hata nywele. Mahindi yakivunwa mwezi mchanga wadudu wanayamaliza. Kalenda ya jikoni kwetu imechorwa umbo la mwezi wa kila usiku, na mama hashiki mkasi kabla hajaitazama.

Basi nikajua simu nayo ina kalenda yake. Nikasema moyoni, kumbe waliotengeneza hizi simu nao walikuwa na bibi.

Wiki mbili zikapita. Mwezi wa angani ukajaa, ukawa mkubwa kama kikaango. Wa kwenye simu ukabaki vilevile, mchanga.

Nikamwonyesha mama.

"Mama, tazama. Huku bado mchanga."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Si mtandao wa Floriberto huo! Hata mwezi unachelewa kufika."

Tukacheka wote.

Floriberto ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Alikuwa na kibanda cha laini za simu kwenye gulio la Jumapili, na ndiye aliyetuingiza karibu watu wote wa kijiji chetu kwenye mtandao mmoja. Mimi naona haya hata kuagiza soda. Yeye alikuwa na maneno kama redio. Sifa ya mtandao wake ilikuwa moja tu, na aliitangaza kutwa nzima: "Unashika mpaka shambani, ndugu zangu! Mpaka shambani!"

Sasa niseme habari za baba.

Baba yangu, mzee Eleuterio, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu kwa mashine. Alikuwa kwenye foleni ya figo mwaka wa nne.

Hospitali walituambia wazi. Ikipatikana, tutapiga simu. Mkipokea, mnakuja saa hiyohiyo. Msipopokea, tunampigia anayefuata.

Namba waliyoandika ilikuwa yangu. Nyumbani kwetu mimi peke yangu ndiye ninayejua Kihispania. Baba na mama wanasema Kimixteko tu.

Kwa hiyo figo ya baba ilikuwa inakaa mfukoni mwa suruali yangu.

Alhamisi moja, wakati wa kula mchana, nikatoa simu nitazame saa.

Simu tatu hazijapokelewa. Namba ileile mara tatu.

Hospitali.

Haikuwa imelia hata kidogo. Nilikuwa nayo mwilini asubuhi nzima!

Nikapiga huku vidole vimejaa matope. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Librada, tulikupigia saa nne, saa nne na robo, saa nne na nusu. Pole, mwanangu. Imeshakwenda kwa mwingine."

Nikakaa chini juu ya tuta. Nilikalia stroberi za watu, sikujali.

Jioni nilimkuta baba mlangoni, miguu imevimba, anamenya maharage mabichi ya mama.

"Baba. Walipiga."

Mikono yake ikasimama.

"Simu haikulia, baba. Naapa haikulia."

"Haikulia?"

"Haikulia."

Na kweli haikulia. Siku ile nilikuwa bado sijasema uongo wowote.

Baba akaendelea kumenya maharage. Mama ndiye aliyelipuka, na jina lililomtoka mdomoni lilikuwa moja.

"Floriberto!"

Kufika Jumamosi, watu wote wa kwetu walikuwa wanajua. Jirani yetu mama Hermelinda alisimama uwanjani mikono kiunoni: "Eti mpaka shambani! Mpaka kaburini, labda!"

Jumamosi hiyohiyo mimi na mama tukaenda kuhama mtandao.

Duka lilikuwa la vioo, baridi kama friji. Mhudumu ni binti wa rika langu, kucha ndefu za kijani, jina lake Yadira. Nikamweleza kwa Kihispania changu cha shambani kwamba tunahama, na namba lazima ibaki ileile kwa sababu hospitali wanayo.

Akaichukua simu. Akaitazama. Akaniangalia.

"Dada, hii umeiweka kimya mwenyewe?"

"Kimya vipi?"

"Huu mwezi hapa juu. Maana yake hutaki kusumbuliwa. Ukiwaka, simu zinaingia lakini hazilii. Labda uliugusa kwa bahati mbaya."

Akagusa kioo na ukucha wa kijani. Mwezi ukatoweka.

Halafu akachukua simu ya dukani, akanipigia.

Jamani. Ililia! Ililia kwa nguvu mpaka mama akaruka.

"Unaona?" Yadira akasema huku anatabasamu. "Mtandao wenu hauna tatizo lolote. Bado mnataka kuhama?"

Zile simu tatu ziliingia zote. Zilikuwa zinaingia ndani ya mfuko wangu, mimi nainama nachuma, na kimwezi changu nilichokipenda kimezinyamazisha.

Mama alikuwa pembeni, amekumbatia mkoba wake, anatazama midomo yetu.

"Amesema nini?"

Ngoja niwaambie kitu. Tangu nina miaka kumi na mitatu mimi ndiye mdomo wa wazazi wangu. Kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa nyapara. Sijawahi kuongeza neno wala kupunguza. Daktari alipomwambia baba figo zimekufa, nililisema hivyohivyo, zimekufa. Baba huwaambia watu, "Librada wangu haongei sana, lakini akikufikishia neno, ni lilelile."

"Librada, amesema nini?"

"Amesema mtandao wa Floriberto ni mbovu sana," nikajibu. "Amesema tumechelewa kuhama."

Mama akatikisa kichwa. "Si nilisema?"

Nikamgeukia Yadira. "Mama anasema tuhame."

Sekunde chache tu. Nilimdanganya huyu kwa lugha yake na yule kwa lugha yake, na hapakuwa na mtu mle dukani wa kunishika.

Kesho yake Floriberto akaja nyumbani.

Kwetu huombi radhi mikono mitupu. Alikuja na shangazi, kapu la mikate, chokoleti ya kuchemsha na kreti la soda. Akavua kofia, akasimama mlangoni mpaka baba alipomwambia akae. Hakukaa.

"Mjomba, nimekuja kuomba radhi. Laini nilikupa mimi. Mdomo uliosema inashika ni huu wangu. Kama kuna neno la kuniambia, niambie."

Shangazi alikuwa analia kimyakimya.

Baba akamega mkate, akaula. "Minara hukuijenga wewe," akasema. Lakini hakumtazama usoni. Mama hakuugusa mkate kabisa.

Mimi nilikuwa namimina chokoleti kwenye vikombe.

Floriberto akanigeukia. Mikono yake ilikuwa inaizungusha kofia.

"Binamu, na wewe nisamehe. Nimekuweka pabaya mbele ya baba yako."

Hapo ndipo mahali pa kusema, kama ningekuwa mtu.

"Hamna shida," nikasema.

Nikampa kikombe chake.

Miezi miwili haikuisha, kibanda kikafa. Watu wa kwetu walihama mmoja mmoja, na kila aliyehama alikuja kwanza kuniuliza mimi. Mama Hermelinda aliwaambia, "Huyu mtoto hana maneno mengi. Akisema kitu, ni kweli." Nami nikaitikia kwa kichwa.

Floriberto akavaa mabuti, akaja kuchuma stroberi. Tena kundi letu, chini ya nyapara wetu Amado. Yule aliyekuwa redio akawa anainama kutwa bila kusema neno.

Sasa sikieni kuhusu huo mtandao mpya.

Dukani ulikuwa safi. Nyumbani, sio mbaya. Shambani?

Hamna kitu!

Shamba zima, kutoka barabarani mpaka kwenye miti ya kukinga upepo, simu haikushika. Palikuwa na sehemu moja tu, kwenye ngazi ya vyoo vya kukokotwa na gari. Pale kilitokea kijiti kimoja cha mtandao, mara viwili upepo ukitulia. Basi kila nusu saa naomba ruhusa, nakwenda kusimama chooni, nimeinua simu juu kama mtu anayetafuta redio.

Amado alichoka. "Librada, una tumbo gani wewe? Au umeolewa na choo, hujatualika harusi?"

Kundi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka.

"Vipi mtandao mpya?" wakaniuliza.

"Mzuri."

Ikafika Jumanne moja, saa tano asubuhi. Niko kwenye ngazi ya choo. Simu ikalia.

"Librada? Hospitali hapa. Tumepata figo ya mzee. Yuko na afya? Ana homa? Tunahitaji jibu sasa hi..."

Ikakata.

Nikapiga. Hakuna. Nikapanda ngazi ya juu. Hakuna. Nikaizima, nikaiwasha, nikaitikisa. Vijiti vimetoweka vyote. Nilimwona akilini yule anayefuata kwenye foleni, sijui ni nani, simu yake tayari inalia mahali fulani.

Nikakimbia. Nilikimbia juu ya matuta, Amado anapiga kelele nakanyaga matunda, na nilikuwa najua ninakokwenda. Katika shamba lile alibaki mtu mmoja tu ambaye hakuhama.

"Binamu! Simu yako! Hospitali!"

Floriberto hakuuliza kitu. Alifuta vidole vyekundu kwenye suruali, akafungua simu, akanipa.

Ikaita mara moja. Mara moja tu!

"Yuko tayari," nikasema. "Hana homa. Tunakuja."

Nilipomrudishia simu, aliitia mfukoni. "Twende. Gari langu liko karibu."

Yeye ndiye aliyetuendesha mpaka Los Angeles. Njia nzima baba alikuwa anaomba kwa Kimixteko. Floriberto anaendesha, mimi nyuma yake natazama shingo yake iliyoungua jua. Nyumbani nilikuwa nimesema hivi tu: "Simu imeingia." Sikusema imeingia kwenye simu ya nani. Naye hakusema.

Baba alipata figo. Leo anatembea mwenyewe, anakula ndizi na nyanya alizokatazwa miaka yote ile. Anakojoa, na anajisifia hilo mbele ya wageni bila haya.

Alipopona tukafanya sherehe. Mbuzi wawili, tortila, zile chapati zetu za mahindi, mpaka zikabaki. Mama, ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu, akasimama.

"Tungebaki kwenye ule mtandao mbovu, mume wangu angekuwa ardhini leo. Aliyetuhamisha ni Librada. Mpigieni makofi mwanangu!"

Wakapiga.

Floriberto alikuwa kwenye meza ya mwisho, na sahani yake. Akaniangalia. Hakukunja uso. Aliniangalia kama mtu anayemngoja mwenzake amalizie sentensi.

Nikainamisha kichwa.

Naye akaweka sahani chini, akapiga makofi.

Mwezi uliopita alihamia jimbo la Washington kuchuma matofaa, yeye na shangazi. Alikuja kutuaga. Mama alimpa mkono kwa vidole viwili.

Kama na wewe ndiye unayewatafsiria wazazi wako, nisikilize mimi niliyeharibu. Hakuna atakayekukagua. Utasema lolote na wataliamini, kwa sababu hawana mdomo mwingine. Siku ya kosa lako, sema kosa lako. Mimi nilidhani aibu ya dakika tano dukani ingeniua. Hii ya kupigiwa makofi ina miaka miwili sasa, na nalala nayo.

Mama, uliniuliza amesema nini.

Amesema simu zote tatu ziliingia. Amesema mtandao ni mzima. Amesema aliyeinyamazisha simu ni mimi.