Pua ya Maombi Mulangoni

Maman Emérence ni mwanamuke mufupi, mwenye mwavuli mweusi na viatu vya plastiki, na mimi nilimuchukia tangu siku ya kwanza. Anazalisha wamama kwenye kituo cha afya cha huku kwetu Kadutu, na mutoto akisha kuzaliwa anamufuata mpaka nyumbani, kwa miguu, ata mvua inyeshe. Akifika anabonyeza pua. Watoto wa avenyu yetu wanamuita Maman Pua, na yeye anaitika bila shida.

Siku alipokuja kwangu, mujukuu wangu Maombi alikuwa na siku ine. Alikuta tuko kwenye mabishano makali. Mutoto alikuwa mweupe, weupe wa kung'aa, na kila siku ulizidi. Mimi nilisema ni weupe wa mama ya baba yangu, wa Nyangezi, mwanamuke ambaye watu walikuwa wanatembea saa mbili kusudi wamuone tu. Mukwe wangu Maman Françoise, mama ya Nathalie, muke wa kijana wangu, aliyezaa, alikuwa ametoka Luhwindja kumuangalia binti yake. Yeye alisema Nyangezi hakuna weupe, kuna vumbi. Weupe ni wa kwao. Mutoto mwenyewe alikuwa analala tu, ziwa anashika kidogo, anaacha. Tukasema: muone adabu yake.

Maman Emérence akamuinamia. "Huyu mutoto iko na manjano," akasema.

"Maman, mimi niko fundi wa rangi. Ninapaka nyumba za Bukavu tangu miaka makumi mbili na saba. Unanifundisha rangi mimi? Mwenye macho haambiwi tazama."

"Sawa, papa fundi. Wewe unachagua rangi ndani ya giza? Tumupeleke inje kwenye mwangaza."

Inje! Kitovu hakijaanguka, na kwetu mutoto hatoki mbele kitovu kianguke. Hapo mimi na Maman Françoise tukapatana kwa mara ya kwanza. Nikafungua mulango, nikamuonyesha njia. "Urudi kwenye kituo, maman. Hapa hakuna mugonjwa."

Akaenda mpaka kwenye kizingiti, akakikalia. Ee, alikaa kabisa, mwavuli kwenye magoti. "Kitovu kibaki ndani," akasema. "Mimi ninaomba pua tu."

Tukatafuta mila inayokataza pua. Tukakosa. Basi Nathalie akakaa karibu na mulango, mutoto akiwa ndani mpaka shingoni, kichwa inje. Maman Françoise akashika kikwembe cha mutoto pale kwenye mupaka kama mutu wa dwani, ule wa forodha, pale Ruzizi, asipitishe ata kidole.

Maman Emérence akatoa kitu kama late ya masomo, ile ya kupigia mistari, fupi, ya plastiki, inayoonyesha ngambo, yenye mistari mitano ya manjano, toka ule hafifu mpaka ule muzito. Akakibonyeza kwenye pua mpaka damu ikakimbia, ngozi ikaonyesha rangi yake ya chini. "Hakuna sindano, hakuna damu ya kutoa," akaniambia. "Usome wewe mwenyewe mustari gani unafanana na pua, si uko fundi?"

Nilitaka iwe mustari wa tatu, ule hafifu zaidi. Nikainamisha kichwa huku, nikainamisha kule. Ulikuwa wa ine. Rangi ya pua na ya mustari zilifanana vile mimi mwenyewe sijawahi kuchanganya rangi ikafanana.

"Wa ine," nikasema.

"Manjano hii ikipanda kwenye ubongo, inauharibu. Huu usingizi si adabu, papa. Tunaenda hospitali leo, si kesho."

Maman Françoise akageuka kwangu palepale. "Basi ule weupe ni wa Nyangezi," akasema.

Hospitalini wakamulaza Maombi chini ya taa ya buluu, macho yamefungwa kitambaa, uchi, na nepi tu. Siku ya pili akaanza kulia kwa nguvu na kunyonya kwa hasira. Siku ya tatu alikuwa mweusi kama mimi, na nilifurahi vile sijafurahi tangu nizaliwe.

Kwenye kitanda cha pembeni kulikuwa mama mumoja wa Mumosho. Mutoto wake alikuwa anapinda mugongo kwenda nyuma, analia sauti nyembamba. Wao pia walikuwa wamesifu weupe, wakafika siku ya nane. Taa iliondoa manjano. Lakini yale yaliyokwisha kuharibika ndani ya kichwa, muganga alisema, taa haiyarudishi.

Yule mama alimuangalia Maombi akinyonya. "Papa," akaniuliza, "ninyi mulijua namna gani?"

Haya ilinishika. "Alikuja mwanamuke mumoja wa kituo cha afya. Nilimufukuza. Akakataa kwenda."

Akamupapasa mutoto wake mugongoni.

"Kwetu pia alikuja mumoja," akasema. "Tukamufukuza. Ule wetu, alienda."