Meza ya Wameksiko na jina la baba yetu

"Mila ya Wameksiko ni kuabudu wafu, yetu ni kuheshimu wazazi." Hayo aliyaandika kaka yangu mkubwa, mzee wa kanisa kule Buffalo, kwenye grupu la ukoo, na grupu zima likajibu amina. Ni uongo. Ninajua, kwa sababu niliubeba mimi mwenyewe mpaka nyumbani kwa mama wa watu.

Admin, ficha jina langu. Nina miaka arobaini na tisa, mjane, Mkongo wa Kivu. Ninaishi Louisville, upande wa kusini, na ninafunga maboksi kwenye ghala huko Jeffersontown. Binti yangu ameolewa na kijana wa Kimeksiko aliyeokoka kanisani kwetu; wanaishi Columbus. Mama wa kijana huyo ninafanya naye kazi mstari mmoja. Nilipofika sina hata neno la Kiingereza, ndiye aliyenishika mikono akanionyesha kazi.

Kila mwanzo wa Novemba mama huyo huandaa meza kwake ya kumkaribisha marehemu mumewe: picha yake, maua ya rangi ya chungwa, mkate, kikombe cha kahawa. Mwanawe, huyo mkwe wangu, ndiye aliyekuwa akiwasha mshumaa wa kwanza. Mimi na kaka tukamkalisha kijana kikao. Tukamfungulia Maandiko, tukamwambia wafu hawarudi kunywa kahawa, achague Kristo au meza. Akamchagua Kristo. Nilimsindikiza kwenda kumwambia mama yake. Mama hakupiga kelele. Aliwasha mshumaa mwenyewe, akatugeuzia mgongo. Jumapili kanisa likampigia mkwe wangu makofi. Kazini, mimi na yule mama tunasimama hatua tatu tu mmoja kutoka kwa mwenzake, na hanisalimu mpaka leo.

Mwaka huu binti yangu amejifungua mtoto wa kiume, wakamwita Eliya. Kaka akapiga simu. Akasema mtoto wa kwanza wa kiume ni wa jina la marehemu baba yetu, ili mzee arudi nyumbani. Vinginevyo hakuna mtu wa ukoo atakayekanyaga Columbus siku ya kumweka mtoto wakfu. Akaongeza, "Bon, huyo Mmeksiko mla tortilla ndiye atufundishe ukoo?"

Na mimi je? Siku hizo nilikuwa Columbus, ninamwogesha mtoto. Alilia sana. Nikainama, nikamwita polepole kwa jina la baba yangu. Akanyamaza. Machozi yakanitoka, nikasema, "Karibu, baba. Umerudi."

Mkwe wangu alikuwa nyuma yangu, ameshika taulo. Kiswahili anakisikia zaidi kuliko tunavyodhani.

"Mama," akasema, "mliniambia baba yangu hawezi kurudi hata kunywa kahawa. Wa kwenu anapita wapi?"

Nikamtoa mtoto majini. Akamfunika mtoto, akaniambia kwa upole kwamba kwenye meza ya mama yake harudi, lakini na jina letu hatampa mtoto, kwa kuwa Kristo aliyemwachisha kahawa ya baba yake ni huyohuyo anayemkataza jina la kumrudisha mfu. Miaka yote nimekuwa nikibishana na watu kuhusu imani, na Mkristo nyumbani mwetu kumbe ni mmoja tu, tena tuliyemcheka.

Kaka huyu ndiye aliyenitoa kambi ya wakimbizi na wanangu. Nikisimama na mkwe, ninampoteza. Nikinyamaza nibaki na ukoo, mjukuu wangu atawekwa wakfu bila bibi hata mmoja: mmoja nilimfukuza mimi, wa pili ni mimi. Ibada hiyo ni Jumapili ijayo. Mliopita njia hii, niambieni nianze kugonga mlango wa nani.

Lakini ninyi wazee wa kanisa wa Buffalo, kaka ukiwamo, ninajua mnasoma ukurasa huu. Simameni madhabahuni mtamke kwamba marehemu baba yetu hatarudi kwa jina la mtoto. Kama hamwezi, vaeni tai zenu, njooni Louisville, mkamwombe radhi yule mama mbele ya meza yake.