Shemeji Alivyoshika Bastola kama Upinde

Watu wengi wanaotembea na bastola kiunoni hapa Bariadi, hicho chuma kinawazidi akili. Nasema wazi tu. Mimi ni mzee, shule niliishia la tatu, sina wa kumwogopa.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ananunua ng'ombe minadani. Juzijuzi kaanza kutaka bastola. Wezi, anasema. Wezi gani? Kwake pale Somanda aliyewahi kuvunja mlango ni beberu la jirani, likala chandarua. Sijui beberu linatafuta nini kwenye chandarua, ila hiyo habari nyingine. Sasa kibali hupati mpaka mkufunzi akuone unapiga, akubali. Dada akaniambia, "Kaka, nenda naye. Wakimpitisha, kile kitu kitalala chini ya mto wangu." Hakuwa anatania.

Tukaenda uwanja wa shabaha, nje ya mji, korongo tu lenye ukingo wa udongo. Mkufunzi, askari mstaafu, akaonyesha taratibu. Miguu iachane kama upana wa mabega, magoti yalegee, kifua kiegemee mbele kama unasukuma mkokoteni. Mkono wa kulia ushike mpini juu kabisa, wa kushoto uufunike, vidole gumba vyote vilale upande mmoja, vitazame mbele. Kidole cha kufyatulia kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua. Mbona rahisi!

Shemeji akawa anamsikiliza kama mtu anayefundishwa kula ugali. "Afande, mimi nimekuwa sungusungu. Kulenga nakujua."

"Ulilenga kwa silaha gani?"

"Upinde."

"Haya, mzee wa upinde. Hiyo haina risasi. Nionyeshe."

Jamani! Akasimama ubavu, mkono wa kushoto akaunyoosha mbele kwa ngumi, wa kulia akavuta bastola mpaka shavuni, jicho kafumba, mgongo kaupinda nyuma. Mtutu ukawa unatazama mkono wake mwenyewe. Akafyatua. Ta!

"Hongera," mkufunzi akasema. "Umeua mkono."

Unadhani aliona aibu? Wapi! Kosa ni la bastola, ati fupi mno.

Ikawekwa risasi moja. Mkufunzi akampanga mwenyewe, miguu, viwiko, vidole, kama anavalisha mtoto shati. Alipoondoa tu mikono yake, shemeji akaupinda tena mgongo nyuma kama mvuta upinde, mikono yote bado kwenye bastola, na gumba la kushoto akalipandisha nyuma ya bastola, palepale kile chuma cha juu kinaporudi kwa kasi. Ikalia. Gumba likachanika, mwenyewe akapepesuka, vumbi likaruka mbali kabisa na ubao wa shabaha.

"Nimepata?" anauliza, huku ananyonya gumba.

"Umeupata mkoa mzima wa Simiyu," mkufunzi akamjibu. "Sikupitishi."

Shemeji akanigeukia mimi. "Shemeji, niombee basi, wewe mtu mzima."

Nimwombee! Mimi nilikuwa nimeshatangulia kwenye bodaboda.

Tulipofika, dada alikuwa mlangoni. Hakuuliza gumba, aliuliza kwanza, "Wamekupa?"

"Bado kidogo tu."

Basi akamkalisha kwenye kigoda, akamwosha kidonda kwa maji ya chumvi, taratibu, huku anaimba kwa sauti ya chini. Miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kuona akimbembeleza namna ile. Shemeji akafumba macho, kavimba kama bwana harusi, anadhani anahurumiwa.

Ile bastola hajaifuata tena. Kila nikimuuliza ananiambia gumba bado linauma.