Miguu Iliyofungwa Mara Mbili

Kilio kilinifikia kwanza. Nilikuwa uani nikigeuza kahawa kwenye kichanja, na sauti ilitoka ndani ya nyumba yetu: sauti ya mwanamke anayelilia maiti.

Nikakimbia. Shangazi, aliyepanda basi la alfajiri kutoka ziwani, alikuwa amepiga magoti sebuleni, furushi lake la usipa, dagaa wakavu wa ziwani, limemwagika. Mbele yake, juu ya mkeka, baba alilala chali, macho amefumba, mikono kifuani, miguu imefungwa pamoja kwa kipande cha kanga. Ndivyo tunavyowalaza wafu wetu. Mimi ndiye niliyemfunga.

"Shangazi, yu hai! Anafanya mazoezi!"

Baba ana saratani ya tezi dume. Kabla ya mionzi lazima apigwe picha, wajue pa kuielekeza. Anatakiwa kunywa maji mengi, kuyabana, kisha kulala bila kutikisika. Mara ya kwanza miguu ilimtetemeka, picha ikaharibika. Muuguzi akasema: kajaribuni nyumbani, mfungeni kama tutakavyomfunga sisi.

"Dada," baba alisema, midomo tu ikisogea, "maiti gani amebanwa na mkojo hivi?"

Shangazi hakucheka. "Nimeshakulilia, kaka. Wasikufunge tena. Ukifungwa mara ya pili hutaamka."

Tangu siku hiyo baba alikataa mazoezi. Hata ndani ya basi la kwenda hospitali aliketi ameachanisha miguu. Alipolala, nilijikuta natazama kama koti lake linapanda na kushuka.

Chumba cha picha kilikuwa cha baridi. Mtaalamu, binti wa umri wangu, alimlaza, akamchora alama za wino nyongani, akachukua mkanda.

"Sasa naifunga miguu, babu."

Baba alinitazama. Bila picha, hakuna mionzi. Tungerudi nyumbani Mbinga na ugonjwa wake uleule. Mashine ilinguruma, mdomo wake wa duara wazi. Kisha ndani ya mngurumo ule ikapanda sauti nyembamba, ndefu.

"Unamsikia?" baba akauliza.

Nilimsikia. "Ni mashine, baba."

"Ni shangazi yako." Akaitazama mashine. "Basi na alie, maadamu bado namsikia." Akaisogeza miguu mwenyewe mpaka vifundo vikagusana. "Funga, mwanangu. Upesi, maji yamejaa."

Binti akamfunga mkanda, kisha akanionyesha nitoke. Nilipogeuka, baba alikuwa amefumba macho, mikono kifuani. Mlango mzito ukafungwa nyuma yangu.